Nikikaa wima nachoka zaidi: nifanyeje?

SWALI: Assalaamu alaykum. Mimi ni mshonaji wa kofia za vito, zile za matundu madogo yanayoshonwa kwa mkono, hapa Wete, Pemba. Hukaa juu ya mkeka tangu baada ya chai ya asubuhi hadi adhuhuri, na tena baada ya laasiri. Shingo na mabega yananiuma, na mara nyengine maumivu hupanda hadi kichwani. Wanangu huniambia nikae wima, lakini nikijilazimisha huchoka kuliko mwanzo. Jee, tatizo liko wapi?

JIBU: Waalaykumu salaam, dada yetu. Wanao wamekuhurumia, ila ushauri wao umeishia njiani, kwa sababu mgongo haukubali kukaa wima ikiwa nyonga zimekwisha kulala nyuma. Unapokunja miguu juu ya mkeka mtupu, magoti hubaki juu kuliko nyonga, kiuno hupoteza mbonyeo wake wa asili, mgongo wa juu hujikunja, na kichwa, ambacho kwa mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5, hutangulia mbele ya mabega kuifuata sindano. Misuli ya shingo na mabega hulazimika kukizuia kisianguke kwa muda wote unaoshona, na maumivu ya kichwa ya aina yako mara nyingi huanzia hapo. Kukakamaa kama askari wa gwaride huiongezea kazi misuli ambayo tayari imechoka.

Anza chini, basi. Kunja blanketi, ulikalie ukingoni hadi magoti yawe chini ya nyonga, kisha yumba mbele na nyuma polepole mpaka uhisi mifupa miwili ya makalio imebeba uzito sawasawa. Mgongo utainuka wenyewe bila kushurutishwa. Weka mto mapajani na kofia juu yake, ili kazi iyafuate macho badala ya macho kuifuata kazi. Ikiwa bado unainama ili uyaone matundu, unachohitaji ni miwani au mahali penye mwanga zaidi (jambo hili husahauliwa sana), na hakuna mkao utakaoziba nafasi yake.

Kisha jizoeze kujisikiliza. Kila unapotunga uzi mpya, angalia kama umebana meno, umepandisha mabega au umezuia pumzi. Legeza, shusha pumzi ndefu, na urudishe kidevu nyuma kidogo bila kuinua uso. Kila baada ya nusu saa hivi inuka utembee, hata kama hujachoka, kwa kuwa mkao mzuri nao ukidumu mno huumiza.

Kwa kazi za kuinama kipimo unacho tayari, nacho ni rukuu, yaani kule kuinama kwa kwenye sala: mwili hukunjikia nyongani, mgongo hubaki bapa, na kichwa hakiinuliwi wala hakiteremshwi. Fagia uwanja kwa namna hiyo. Ukinyanyua ndoo, kunja na magoti pia, na uiweke karibu na mwili.

Usitaraji nafuu kwa siku mbili. Misuli iliyozoea mkao wa miaka huhitaji wiki kadhaa. Lakini ukipata ganzi au udhaifu wa mikono, miguu ikikosa nguvu, ukishikwa na homa, ukipungua uzito bila sababu, au kichwa kikikuuma ghafla kwa ukali usio wa kawaida, nenda hospitali bila ya kuchelewa. Hata ukienda kwa maumivu haya ya kila siku tu, chukua kofia unayoshona, umuoneshe mtaalamu wa viungo namna unavyokaa nayo.