Zoezi la Kuaga Mwili: Marehemu Anazoezwa Nini?

Mwalimu wa shule moja ya msingi wilayani Mpwapwa ameniandikia kuomba msaada. Katika jaribio la Kiingereza aliwapa wanafunzi wake wa darasa la saba sentensi inayosema kwamba kila raia anapaswa kutumia haki zake, na kitenzi kilichotumika humo ni "exercise". Mwanafunzi mmoja akaitafsiri hivi: "Kila raia inabidi afanye mazoezi ya haki zake." Mwalimu anauliza mambo mawili: je, amnyime mtoto huyo alama zote, na je, neno hilo la Kiingereza lina maana ngapi hata liwahangaishe watoto kiasi hicho, ilhali sisi tuna "zoezi" tu?

La alama ni jepesi. Mpe nusu, Mwalimu, kwa kuwa sarufi ya mtoto ni safi, na kosa lake amelirithi kwa watu wazima ambao nitawafikia hivi punde.

Kuhusu maana, neno hilo Waingereza walilipata kwa Wafaransa, nao walilitoa katika Kilatini, ambako kitenzi chake kilimaanisha kushughulisha, yaani kutomwacha mtu au mnyama akae bure. Ndiyo sababu jeshi kwa Kilatini liliitwa "exercitus", kundi la watu waliofundishwa wakafundishika. Kuanzia hapo likatawanyika. Anayekimbia alfajiri kuuzunguka Uwanja wa Jamhuri anafanya "exercise". Mtoto anayejibu maswali mwishoni mwa somo anafanya "exercise", na daftari analoandikia limebeba jina hilohilo. Wanajeshi walioko porini wakijifunza vita wamo katika "exercise". Hakimu anayetumia busara yake anai-"exercise". Na mtu aliyenyimwa usingizi na jambo fulani husemwa kwamba jambo hilo linam-"exercise". Zamani za Shakespeare hata neno "breathing", ambalo leo ni kupumua tu, liliweza kusimama mahali pake kwa maana ya kunyoosha viungo. Maana hiyo imekwishakufa, na Mwingereza wa leo akiikuta huhitaji maelezo pembeni mwa ukurasa.

Usione, Mwalimu, kwamba Kiswahili ni maskini kwa kuwa hakina neno moja la kubeba mzigo huo wote. Kimeugawa. Mkimbiaji tumempa mazoezi ya viungo, mwanafunzi tumempa zoezi, mwanajeshi ana mazoezi ya medani, raia hutumia haki zake, mwenye cheo hutekeleza madaraka yake, na mwenye wasiwasi husumbuliwa. Mgawanyo huo ulikuwa umekaa vizuri mpaka watu wa ofisini walipouvuruga, na hapo ndipo nilipokuwa nikipatafutia njia tangu niliposoma barua yako.

"Zoezi" linatokana na "kuzoeza", na "kuzoeza" kunatokana na "kuzoea". Ndani yake mna wazo la kurudia jambo mpaka liwe jepesi mkononi. Timu hufanya mazoezi kwa ajili ya mechi, wala hakuna kocha anayeiita mechi yenyewe mazoezi, labda awe amefungwa mabao matano. Kwaya hufanya mazoezi Jumamosi ili iimbe Jumapili. Zoezi hulitangulia jambo, na jambo lenyewe likifika, zoezi limekwisha.

Sasa nenda msibani. Hapa Dodoma, kama kwingineko nchini, siku ya mazishi hakosekani bwana mmoja aliyesimama chini ya turubai na kipaza sauti, suti imempendeza, karatasi ya ratiba mkononi, na utamsikia akitangaza kwa sauti ya huzuni iliyopimwa: "Ndugu waombolezaji, baada ya zoezi la chakula tutaingia katika zoezi la kuaga mwili, kisha tutaelekea makaburini kwa ajili ya zoezi la mazishi, na mara baada ya zoezi hilo litafuata zoezi la kuweka mashada." Mazoezi manne kwa pumzi moja, na hakuna hata mmoja wetu aliyevaa raba.

Tuyatazame moja baada ya jingine, maana yanastahili. Aliyepewa sahani ya wali na maharage akaambiwa kuwa hilo ni zoezi ana haki ya kuuliza chakula chenyewe kitaletwa lini. Kuaga nako hufanywa mara moja tu. Mjane anayepita mbele ya jeneza huku ameshikwa mikono na shangazi zake hazoezwi kitu chochote, na kumwambia kwamba yumo zoezini ni ukatili ambao msemaji hakuukusudia lakini ameutamka. (Huko "kuaga mwili" nako nakupitia haraka: anayeagwa ni marehemu, mwili hauna safari ya kuagiwa.) Na wale vijana wanaopokezana makoleo kufukia, kama kweli wako katika zoezi la mazishi, basi kaburi lifukuliwe jioni ili kesho wazike sawasawa. Ninajua bwana wa kipaza sauti atasema kwamba kila mtu anamwelewa. Ni kweli anaeleweka. Hata mwanafunzi wako, Mwalimu, alieleweka.

Harusini hali ni hiyohiyo, kuna zoezi la kukata keki, zoezi la kulishana keki na zoezi la kutoa zawadi, ingawa huko nina uvumilivu zaidi, kwa sababu maharusi wengine wanavyolishana keki huonekana wazi kwamba walifanya mazoezi.

Pale ninapoacha utani ni kwenye maafa. Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo mwezi Novemba 2024, watu wakiwa hai chini ya kifusi, taarifa ziliendelea kutuhabarisha kuhusu "zoezi la uokoaji". Kikosi cha zimamoto kina mazoezi ya uokoaji ya kweli: king'ora hupigwa, wafanyakazi hushuka ngazi na kukusanyika uani, kisha hurudi mezani kwao wakicheka. Ikiwa maigizo hayo ni zoezi la uokoaji, na kumtoa mtu hai chini ya zege nako ni zoezi la uokoaji, tutajuaje siku moja tukisikia tangazo kwamba tunatakiwa kukimbia au tunatakiwa kutabasamu? Lugha iliyokuwa na maneno mawili kwa mambo mawili imebaki na moja, kisha tunaambiwa imekua.

Ugonjwa wenyewe ulianzia katika Kiingereza cha maofisini, ambacho hupenda kuita kila kazi ya umma "exercise", iwe ni kuandikisha wapiga kura, kuhesabu watu au kugawa vyandarua. Mtafsiri akafungua kamusi, akaona maana ya kwanza, akafunga kamusi. Wasemaji wakalipenda kwa kuwa linarahisisha maisha: ukiwa na "zoezi la" huhitaji kufikiria kitenzi, unabandika tu jambo lolote nyuma yake na sentensi inapata uzito wa kiserikali. Ni ndugu wa damu wa "suala zima la", ambalo nalo wengine huliandika "swala zima", kana kwamba wamemwona mnyama mbugani akiwa hajajeruhiwa. Dawa yake ni kulitoa uone kama kuna kitu kimepungua. "Zoezi la uandikishaji wa wapiga kura limeanza" litakuwa "Uandikishaji wa wapiga kura umeanza." "Zoezi la sensa limekamilika" litakuwa "Sensa imekamilika." Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120, nasi tulihesabiwa kwelikweli, iliyostahili kuitwa zoezi ni ile sensa ya majaribio iliyofanywa mwaka uliotangulia.

Yupo atakayenijibu kwamba hata Wamarekani huyaita mahafali yao "exercises", na kwamba neno lina uhuru wa kupanua maana. Ni kweli Wamarekani husema hivyo, na sina ugomvi nao. Lakini wao waliyapanua matumizi ya neno lao wenyewe, nasi tunalipanua letu kwa kuchungulia la kwao, huku tukiwa tumekalia hafla, sherehe, ibada, kazi, tukio na hatua. Na wakati mtu wa Pwani anapoiita harusi au hitima "shughuli", amekwisha kupata neno pana, la heshima, lisilomfanya marehemu mwanamichezo.

Hukumu yangu basi ni hii. Zoezi la daftari, la viungo na la medani ni halali wala halihitaji cheti cha BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa. Zoezi la sensa na la uandikishaji nimechoka kulipiga vita. Limekwisha kuingia katika mabango na magari ya matangazo, na aliyelibandika huko hasomi safu hii. La chakula, la keki, la msiba na la uokoaji sitalisamehe. Nakubali moja tu kati ya yale makubwa, nalo ni zoezi la serikali kuhamia Dodoma: chama cha TANU kiliamua mwaka 1973, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa mwaka huohuo, na msukumo wa kufunga mizigo kwa dhati ukaja 2016. Jambo lililofanyiwa maandalizi kwa miaka 43 kabla ya kufanyika limelistahili jina hilo kuliko hata mazoezi ya jeshi.