Muhula Mmoja Norwei: Nijifunze Lugha Yao au Nitegemee Kiingereza?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimechaguliwa kwenda Bergen, nchini Norwei, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi baina ya vyuo vikuu, kuanzia Agosti hadi Desemba. Barua niliyopokea inaeleza kwamba masomo yangu yote yatafundishwa kwa Kiingereza, na wenzangu wananisihi nisijisumbue na lugha ya watu wasiofika milioni sita. Mimi ninatamani kuijua, ila nimeambiwa kuwa kuna Kinorwei cha aina mbili, na hapo nimechanganyikiwa. Nianze na kipi, na je, miezi mitano itatosha?
Mwanafunzi wa mwaka wa tatu

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pokea pongezi zangu. Wenzako hawajasema uongo: unaweza kuhudhuria mihadhara, kufanya mitihani na kurudi nyumbani bila kutamka neno la Kinorwei, kwa sababu Wanorwei wengi wanakijua Kiingereza vizuri sana. Jambo hilohilo ndilo linalonitia wasiwasi juu yako. Mwanafunzi mgeni asiyeijua lugha hujikuta akila, akisafiri na kuzungumza na wageni wenzake tu, na siku ya kuondoka anakuwa ameizoea milima ya Bergen kuliko wakazi wake. Kwa hiyo jifunze, na uanze sasa, kabla hujafunga sanduku.

Hizo aina mbili ulizosikia ni taratibu mbili za kuandika lugha moja. Norwei ilitawaliwa pamoja na Denmark kwa karne kadhaa hadi mwaka 1814, na katika muda huo Kidenmark kilikuwa ndicho lugha ya maandishi. Baadaye mwalimu mmoja, Knud Knudsen, alipendekeza Kidenmark hicho kirekebishwe kidogo kidogo hadi kifanane na matamshi ya Wanorwei wa mijini, ilhali Ivar Aasen, mtoto wa mkulima, alizunguka nchini akikusanya lahaja za vijijini na kujenga juu yake maandishi mapya kabisa. Njia ya kwanza ndiyo iliyozaa Bokmål, na ya pili Nynorsk. Bunge liliyapa maandishi yote mawili hadhi sawa mwaka 1885, na majina yanayotumika leo yakawa rasmi mwaka 1929.

Wewe anza na Bokmål, kwa kuwa ndiyo inayoandikwa na watu wengi zaidi na ndiyo inayotumiwa katika vitabu vingi vya kufundishia wageni. Hata hivyo usiipuuze Nynorsk, kwa sababu unakwenda upande wa magharibi, ambako ina wenyewe wengi, na utaikuta katika matangazo ya ofisi na katika magazeti. Jon Fosse, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2023, huandika kwa Nynorsk.

Kuna habari njema kwa mzungumzaji wa Kiswahili. Kitenzi cha Kinorwei hakibadiliki kwa kufuata mtenda: mimi, wewe na wao wote hupewa umbo lilelile. Nomino zimegawanywa katika makundi matatu, kiume, kike na kati, na aliyelelewa na upatanisho wa ngeli zetu hatashangaa kuona kivumishi kikifuata kundi la nomino yake. Kitakachokuchosha ni sauti. Sisi tuna irabu tano. Wao wanaandika irabu tisa, na kila moja inaweza kuwa fupi au ndefu, na urefu huo ukabadilisha maana. Halafu kuna toni, ambayo Kiswahili hakina: neno "bønder", yaani wakulima, na neno "bønner", yaani maharage, hutofautishwa na wimbo wa sauti peke yake. Ikiwa lugha yako ya kwanza ina toni, kama zilivyo lugha nyingi za Kibantu, sikio lako limekwisha kufunzwa, nawe itumie bahati hiyo.

Kuhusu muda, nitakuwa mkweli. Miezi mitano inaweza kukufikisha katika kiwango cha A2, ngazi ya pili kati ya sita za vipimo vya lugha vya Ulaya, yaani kununua, kuuliza njia, kujieleza na kufuata mazungumzo mepesi, endapo utajiandikisha katika kozi ya Kinorwei kwa wageni tangu wiki ya kwanza. Shahada za kwanza zinazofundishwa kwa Kinorwei hudai kiwango cha B2, ngazi ya nne, na huko hutafika kwa muhula mmoja. Chuo kikuu cha NTNU cha Trondheim kina kozi ya bure ya mtandaoni kwa wanaoanza. Ukiimaliza kabla ya Agosti, utaweza kuomba kuingia darasa la pili badala ya kuanzia kwenye salamu. Hakikisha pia, kabla ya kusafiri, kwamba chuo chako kitazitambua alama za uzito wa masomo (credits) utakazopata kwa kozi ya Kinorwei huko Bergen. Muhula mzima wa Norwei huhesabiwa kuwa alama 30, na ni uchungu kuzipata halafu zikakataliwa nyumbani.

SWALI: Mwalimu, nimesikia kwamba Norwei sasa inatoza ada. Je, mwanafunzi wa kubadilishana naye hulipa, na anaruhusiwa kufanya kazi?
Mzazi

JIBU: Tangu majira ya vuli ya mwaka 2023 vyuo vikuu vya umma vya Norwei hutoza ada ya masomo kwa wanafunzi wanaotoka nje ya Eneo la Uchumi la Ulaya na Uswisi. Anayekwenda kwa mkataba wa kubadilishana hasombwi na badiliko hilo. Ada yake hubaki katika chuo chake cha nyumbani. Maombi ya kibali cha ukaazi hushughulikiwa na idara ya uhamiaji, UDI, ambayo hudai uthibitisho wa fedha za kujikimu, na kiwango chake hupandishwa mara kwa mara, basi kitazame upya mwaka huohuo wa safari. Kibali cha masomo kwa kawaida huruhusu kazi ya hadi saa 20 kwa wiki. Ninakuomba, mzazi mwenzangu, usiipangie bajeti kazi ambayo mtoto bado hajaipata.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko Trondheim tangu Agosti. Darasani ninamwelewa mwalimu wa Kinorwei, lakini nikitoka nje sielewi hata neno "mimi". Nikijaribu kusema, watu wanahamia Kiingereza. Juzi tulipanga kukutana "halv åtte" asubuhi, nikafika saa mbili na nusu, wenzangu wameshaondoka. Na jirani yangu nikimuuliza jambo hushtuka na kuvuta pumzi kwa ghafla, hadi ninaogopa kuwa nimemuudhi. Nimeanza kukata tamaa.
Binti yako wa Trondheim

JIBU: Marahaba, binti yangu. Usikate tamaa, kwa sababu katika yote uliyoyataja sioni uzembe wako. Norwei haina matamshi sanifu yaliyowekwa rasmi. Kiswahili Sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na sisi tumezoea kwamba mtu wa Mombasa au wa Lamu akisimama kwenye hadhara rasmi huisogeza lugha yake kuelekea usanifu. Mnorwei halazimiki: mbunge huhutubia kwa lahaja ya kwao, na profesa vilevile. "Jeg", yaani "mimi", uliyofundishwa kitabuni ni "æ" hapo Trondheim, na Bergen ni "eg". Chagua mtu mmoja au wawili wa hapo, msikilize kila siku hadi umzoee, ndipo uongeze wengine.

Wanaohamia Kiingereza wanadhani wanakusaidia. Waambie kwa Kinorwei, bila haya, kwamba unajifunza na ungependa waendelee, kisha urudie ombi hilo kila wanaposahau. Maktaba za umma huandaa mikutano ya bure inayoitwa "språkkafé", ambako wenyeji huja kwa hiari kuzungumza na wanaojifunza. Huko hakuna atakayekukimbilia kwa Kiingereza.

Kuhusu saa, "halv åtte" ni nusu ya kuelekea nane. Kwa saa zao ni 7:30, na kwa saa zetu ni saa moja na nusu. Angalia pia majibu ya maswali ya kukanusha. Sisi tukiulizwa "Hukuelewa?" hujibu "Ndiyo, sikuelewa". Mnorwei ambaye hakuelewa husema "nei", yaani "hapana", na aliyeelewa husema "jo", neno wanalolitumia kulipinga swali la kukanusha. Nimewaona wanafunzi wakisema "ja", yaani "ndiyo" ya kawaida, mahali hapo, na msikilizaji akabaki hajui kama aeleze tena au aendelee.

Na jirani yako hujamuudhi hata kidogo. Katika sehemu hizo, na zaidi kaskazini, watu wengi hutamka "ja" huku wakivuta pumzi ndani. Siku zote hizo ulizoogopa, alikuwa akikujibu "ndiyo".