Maswali ya Wasomaji: Mbegu ni nyingi, lakini haziendi

SWALI: Assalaam aleykum. Mwaka wa pili huu mke wangu hajashika mimba. Manii niliyatoa nyumbani Wete kwa kondomu ya dukani, nikayamimina kwenye kichupa na kukitia ndani ya barafu hadi maabara, Chake Chake. Majibu: mbegu milioni 48 kwa mililita, zinazokwenda asilimia 9. Je, mimi ni mgumba?

JIBU: Waaleykum salaam. Ndugu yetu, usijiite mgumba kwa karatasi hiyo. Idadi yako ni nzuri. Kiwango cha chini katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 ni milioni 16. Kilichoanguka ni mwendo, unaotakiwa ufike asilimia 42, na safari ya kichupa chako peke yake inaweza kuuangusha. Kondomu za kawaida hudhuru mbegu, na baadhi yake zimepakwa dawa ya kuziua kabisa. Baridi ya barafu huharibu utando wao.

Rudia kipimo. Usitokwe na manii kwa siku 2 hadi 7. Omba maabara wakupe faragha hapohapo, kwani uchunguzi uanze ndani ya saa moja, na daladala ikisubiri abiria muda umekwisha. Tumia kichupa chao, bila mate wala sabuni. Ukiona uzito kujitoa mwenyewe, mkeo akusaidie, au uliza kondomu maalumu ya vipimo. Kumwaga nje katikati ya tendo hakufai: matone ya mwanzo, yenye mbegu nyingi zaidi, hupotea. Likimwagika tone, sema.

Mwendo ukibaki chini ya asilimia 40, waombe wapime uhai. Mbegu hutiwa rangi ya eosini. Zilizokufa hunywa rangi, zilizo hai huikataa. Au huwekwa kwenye maji yenye chumvi na sukari kidogo, ambamo mikia ya zilizo hai huvimba na kujikunja. Jibu hili lina thamani kubwa: mbegu hai zisizokwenda kabisa huashiria kasoro ya mkia, na daktari anaweza kuchagua zilizo hai akazidunga moja moja ndani ya mayai. Zikiwa nyingi zimekufa, hutafutwa sababu nyingine, mfano maambukizi.

Mweleze pia daktari kama ulipata homa kali ndani ya miezi mitatu iliyopita, maana mbegu huchukua takriban siku 74 kutengenezwa. Mkeo naye achunguzwe sasa, asisubiri majibu yako.