Maswali na majibu: "Get" ni nini kwa Kifaransa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi hapa Kasulu. Nilisomea Bujumbura, kwa hiyo Kifaransa ninacho. Mradi mmoja wa afya umenipa vipeperushi vya Kiingereza na fomu ya wagonjwa nivitafsiri kwa Kifaransa, kwa ajili ya wagonjwa wanaotoka Kongo na Burundi. Ili nisijichanganye nilitengeneza jedwali, kila neno la Kiingereza na neno lake moja la Kifaransa, nikalifuata mwanzo hadi mwisho. Kazi imerudi imejaa wino mwekundu, hasa kwenye "get", "miss", "discharge" na "drug". Nimekuambatishia yote. Kifaransa sahihi cha maneno haya ni kipi? Na kama unayo orodha iliyokamilika naomba uniuzie. (Msomaji, Kasulu)

Jibu: Marahaba, dada. Orodha sina, na hata ningekuwa nayo nisingekuuzia. Nimeisoma kazi yako yote. Sarufi yako imenyooka, tahajia ni safi, hata zile alama za juu ya herufi umeziweka mahali pake. Kilichokuponza ni jedwali. Tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, barua kama yako zinanijia karibu kila wiki, na karibu zote zinaomba kitu kilekile: neno kwa neno, moja kwa moja, mambo yaishe. Watu wanaamini kwamba mfasiri mzuri ni yule mwenye orodha ndefu.

Tuanze na kipeperushi chako cha chanjo. "Get" imo mara tano katika ukurasa mmoja, na mara zote tano umeandika "obtenir". Sasa "obtenir" ni kupata kitu ulichokifuatilia: kibali, viza, shahada, majibu ya maabara. Homa hakuna anayeifuatilia. Mama akisoma kwamba mtoto wake ata-"obtenir" homa, ataelewa kwa kubahatisha, na karatasi ya afya haipaswi kueleweka kwa kubahatisha.

Weka jedwali pembeni, uzisome sentensi zenyewe. "Get your child vaccinated" ni "Faites vacciner votre enfant". "If the child gets a fever" ni "si l'enfant a de la fièvre". "Get to the clinic" ni "rendez-vous au centre de santé". "If it gets worse" ni "si son état s'aggrave". "Even if the child gets better" ni "même si l'enfant va mieux". Mara tano, na hakuna kitenzi kilichojirudia, wala "obtenir" haikuonekana. Mfaransa hana neno linalokaa kwenye kiti cha "get". Kiti chenyewe hakipo.

Kinachonisikitisha ni kwamba ungeisema kila sentensi kwa Kiswahili kwanza, ungeshtuka mapema. Mchanjishe mtoto. Akipata homa. Fika kituoni. Hali ikizidi kuwa mbaya. Hata akipata nafuu. Angalia hiyo "mchanjishe": Kiswahili kimetia kiambishi cha kusababisha, na Kifaransa kinafanya kazi hiyohiyo kwa "faites". Lugha uliyonyonya ilikuwa imeshakuonyesha njia, nawe ukakimbilia jedwali.

Ila Kiswahili nacho kina mtego wake, na mtego huo unatunasa sisi kuliko watu wengine. "Kupata" yetu ni pana karibu kama "get". Tunapata kazi, tunapata ajali, tunapata mtoto, tunapata mafua, tunapata nafuu. Ndiyo maana jicho lako liliteleza: "get" ni kupata, kupata ni "obtenir", kwisha. Kifaransa husema "trouver du travail", "avoir un accident", "avoir un enfant", "attraper un rhume". Ukiona "kupata" imejitokeza kwenye Kiswahili chako, simama uulize tena: kupata kwa namna gani? Kwa kutafuta, kwa kuambukizwa, kwa kupewa, au kwa kufikia hali fulani?

Mahali pengine Kiswahili kinachuja vizuri kuliko kamusi yoyote niliyowahi kuifungua. Chukua "time". Mwingereza ana moja, sisi tuna saa, muda, mara, wakati. Mfaransa naye anagawa hivyohivyo, karibu sambamba na sisi: "heure" kwa saa ngapi, "temps" kwa muda unaotumika, "fois" kwa mara tatu kwa siku, "moment" kwa wakati wa kufanya jambo. Mtu anayeandika "trois temps par jour" kwenye maelekezo ya dawa hajakosea Kifaransa peke yake. Hakujiuliza hata kwa lugha yake mwenyewe.

Tuje kwenye "miss", ambayo wewe umeipa "manquer" kila mahali. "If you miss a dose": ukisahau dozi. Karatasi za dawa za Kifaransa husema "si vous oubliez", yaani ukisahau, kama tunavyosema sisi. "If you miss an appointment": ukikosa siku ya kliniki, na hapo ndipo "manquer un rendez-vous" inapokaa. "A missed period": siku zimechelewa, nao husema "un retard de règles", kuchelewa kwa siku. Sahau, kosa, chelewa. Wewe muuguzi unayatamka maneno hayo matatu kila asubuhi dirishani bila kuyachanganya. Na hiyo "period" uliyoiandika "période" uibadilishe vilevile, ni "règles". Baadaye utakutana na barua ya mtu anayesema "I miss you", na hapo sentensi nzima inageuka: "tu me manques", ambayo kwa mpangilio wake ni kama kusema wewe unapungua kwangu. Anayekosekana ndiye anayekuwa mtenda, na jedwali haliwezi kukupa hilo.

"Discharge" ndiyo iliyonifanya nikujibu haraka. Kwenye karatasi zako ina maana tatu, na zote umeziandika "décharge". Kidonda kinachotoa majimaji au usaha ni "écoulement". Uchafu ukeni ni "pertes vaginales". Mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani ni "sortie de l'hôpital", na fomu yake ni fomu ya "sortie". Sasa sikiliza "décharge" ni nini kwa Mfaransa. Ni jalala la taka. Ni umeme unaoruka. Na hospitalini neno hilo lipo kweli, hapo ndipo hatari ilipo: "signer une décharge" ni kutia sahihi karatasi ya kuondoka kinyume na ushauri wa daktari, ukiibebea dhamana mwenyewe. Fomu yako ingechapwa hivyo, mgonjwa aliyepona na kuruhusiwa kwa heri angekuwa anasaini kwamba ameondoka kwa kiburi chake. Kosa la namna hii halionekani kwa macho, kwa sababu neno ni la Kifaransa safi na liko mahali ambapo Mfaransa anategemea kulikuta.

"Drug" ya dukani ni "médicament". "Drogue" ni dawa za kulevya. "Tablet" ni "comprimé". "Tablette" ni ile ya kuperuzi intaneti, au kipande cha chokoleti. "Free" ya huduma isiyolipiwa ni "gratuit", ya kisicho na sukari ni "sans sucre", na "feel free to ask" ni "n'hésitez pas à demander". Haya ni mepesi, utayarekebisha mwenyewe kwa dakika kumi.

Umeniuliza pia, kwa aya nzima, mbona maneno yanafanana hivyo halafu yanakataa kukubaliana. Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa waliosema Kifaransa, waliiteka Uingereza mwaka 1066, na kwa karne kadhaa baada ya hapo Kiingereza kilijaa maneno ya Kifaransa. Kisha kila upande ukaenda na lake. Mwaka 1928 wasomi wawili, Koessler na Derocquigny, waliyapa jina ambalo Wafaransa wanalitumia mpaka leo: "faux amis", marafiki wa uongo. "Injure" ni tusi, jeraha ni "blessure". "Délai" ni muda uliopangwa wa kukamilisha jambo, ucheleweshaji ni "retard". Nimewahi kuona mkataba ukibishaniwa kwa hilo moja. "Préservatif" ni kondomu, na bado nimeshika mkononi chupa ya juisi iliyotangaza kwa Kifaransa kuwa haina kondomu, kwa sababu mtu alitaka kusema haina vihifadhi. Hata hicho kipeperushi cha ndani ya boksi la dawa, Mfaransa hukiita "notice", ilhali "notice" ya Mwingereza ni tangazo.

Nikusimulie kwa nini sina subira na jambo hili. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye zahanati moja kando ya Ziwa Tanganyika, nimeitwa kukagua tafsiri ambazo zilikuwa zimeshabandikwa ukutani. Bango moja lilikataza dawa fulani kwa "mères infirmières". Kiingereza chake kilikuwa "nursing mothers", akina mama wanaonyonyesha. Kifaransa chake kingekuwa "mères allaitantes". "Infirmière" ni muuguzi, kama wewe. Chini ya bango alikaa mama muuza dagaa, mtoto yuko kwenye titi, na pakiti ya dawa hiyohiyo imefungwa kwenye pindo la kanga. Kifaransa alikijua, alisomea Uvira, ng'ambo ya Kongo. Nilimuuliza kama amelisoma tangazo. Akasema amelisoma, lakini yeye si muuguzi, yeye anauza dagaa. Alikuwa na haki. Alisoma kilichoandikwa. Aliyelitafsiri bango lile alikuwa na orodha, na kwenye orodha yake "nurse" ilikuwa na neno moja.

Kwa hiyo niwaambie na wengine mnaosoma hapa. Kwenye makundi ya WhatsApp kuna watu wanauza faili za maneno elfu moja ya Kiingereza "na Kifaransa chake". Wengine wanaziita kamusi za kitaalamu. Nimenunua mbili nione kilichomo: safu mbili, hakuna mfano wa sentensi hata mmoja. Huo ni ulaghai. Anayeuza faili hilo anafanya kama mtu wa sokoni anayekuuzia kidonge kimoja cha tumbo, macho na mgongo, na wewe muuguzi unajua yule anawaachia nini ninyi mnaobaki wodini. Kuna na wanaojiita wafasiri, wanaochukua kurasa arobaini jioni na kuzirudisha alfajiri. Kurasa arobaini za afya hazisomwi hata mara moja kwa makini katika usiku mmoja, sembuse kutafsiriwa.

Mashine ya kutafsiri nayo isisingiziwe yasiyo yake. Tangu mwaka 2016, Google ilipoanza kutumia mitandao ya neva, yaani programu zinazojifunza kutokana na mifano mingi, programu za kutafsiri hutazama sentensi nzima, na ukizipa sentensi kamili mara nyingi zitajua kwamba mama anayenyonyesha si muuguzi. Lakini watu wanazilisha nini? Jedwali la Excel, neno moja kila kisanduku. "Right." "May." "Home." Je, hiyo "right" ni jicho la kulia, ni haki ya mgonjwa, au ni jibu sahihi? "May" ni mwezi wa tano au ni ruhusa? Mashine haijui, itachagua moja tu na kuiandika kwa uhakika uleule inaoandikia kila kitu. Kisha mtu ananakili na kulipwa.

Ukitaka kitu cha kukusaidia, soma Kifaransa kilichoandikwa kuwa Kifaransa. Shirika la Afya Duniani, WHO, ambalo Wafaransa huliita OMS, linafanya kazi kwa lugha rasmi sita, na Kifaransa ni mojawapo. Chukua andiko la Kiingereza na mwenzake wa Kifaransa, uyaweke ubavu kwa ubavu. Huko ndiko utakakokuta kwamba chandarua chenye dawa ni "moustiquaire imprégnée d'insecticide". Ungekitafsiri neno kwa neno kutoka "treated net", ungeishia kwenye wavu uliopelekwa hospitali kutibiwa. Serikali ya Kanada nayo ina hazina ya istilahi iitwayo TERMIUM Plus, ya bure, na kila neno limeandikwa ni la fani gani. Hiyo fani ndiyo uiangalie kwanza.

Na uulize. Wafasiri wachanga wanaona haya kumuuliza mteja, wakidhani ataona hawajui lugha. Mimi nina zaidi ya miaka ishirini katika kazi hii, na hakuna kazi ya fomu niliyoirudisha bila maswali.

Kwenye fomu yako, ukurasa wa pili, kuna kisanduku chenye neno moja tu, "Left". Wewe umeandika "gauche", kushoto. Safu yake inaitwa "Status", na chini yake kuna aliyepona, aliyehamishwa na aliyefariki. Nadhani ni mgonjwa aliyeondoka bila kuruhusiwa, yaani "sorti contre avis médical", lakini nadhani tu, kwa sababu visanduku viwili mbele kuna mahali pa kuandika upande wa mguu ulioumia. Mpigie simu leo aliyekupa fomu, umuulize kabla haijaenda kuchapwa.