Kitabu na pa kukisomea

Watu wengi wananiambia hawamalizi vitabu, na mi nikiwauliza unasomea wapi wananishangaa. Ila kiukweli hapo ndo penyewe. Kuna kitabu cha kwenye daladala, kuna cha kitandani na kuna cha kusoma mlango umefungwa, ukivichanganya utasema kitabu kibovu kumbe umekisomea pasipo pake.

Chukua Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, yule Mzanzibari, kakitoa 1960. Hicho ni cha foleni. Bwana Msa, mpelelezi wa humo, na kiko chake, rafiki yake Najum pembeni anauliza yale yale uliyotaka kuuliza wewe, konda anapiga kelele, mtu kakukanyaga na bado hupotei. Na utani wa Kiunguja umejaa humo. Sema ukikisoma umetulia sana utaanza kuona Bwana Msa anajua vitu kupita kiasi, wenzie bado wanajikuna kichwa yeye kashafika, kwa hiyo usitulie.

Peponi ni mambo mengine kabisa. Ni ile Paradise ya Abdulrazak Gurnah ya 1994, Ida Hadjivayanis kaitafsiri, Mkuki na Nyota wakaitoa 2022, mwaka mmoja baada ya mzee kupewa Nobel. Hiki soma nyumbani, mfululizo, siyo kurasa mbili leo mbili wiki ijayo. Kuna mtoto anaitwa Yusuf, miaka 12, tajiri Aziz akija kwao mtoto anafurahi maana anajua mgeni akiondoka atamwachia sarafu, na wewe unafurahi naye. Halafu unakuja kujua baba yake anadaiwa na huyo tajiri na mtoto ndo rehani yenyewe, basi ile sarafu inakurudia kichwani unabaki umeduwaa. Sasa ukiwa umekiacha kitabu wiki nzima katikati, sarafu umeshaisahau, hamna kitu hapo. Tafsiri nayo nilikuwa na wasiwasi nayo, nikafika mahali nikasahau kabisa kama kiliandikwa Kiingereza.

Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla ndo kitabu nilichokaa nacho zaidi. Serikali ya Kenyatta ilimfunga kuanzia 1969 mpaka 1972 kwa sababu ya kile kijikaratasi chake cha Kenya: Twendapi?, kijana wa miaka ishirini na kitu, na humo ndani akawa anaandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni. Kitabu kikatoka 1973, mwaka uliofuata kikapata tuzo ya fasihi yenye jina la huyo huyo Jomo Kenyatta, we fikiria! Sasa ni Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, kwa sisi wa bara ukisoma kwa macho tu unakwama ubeti wa pili unakirudisha kabatini. Soma kwa sauti. Funga mlango kama unaona aibu. Mdomo unashika mizani wenyewe, vina vinakusukuma, na neno usilolijua linajieleza kwa majirani zake. Mi shairi lake la Siwati nilikuwa nalisoma naosha vyombo, kitabu nimekiegemeza kwenye kopo la sukari, mpaka dada chumba cha pili akaushika ubeti wa kwanza bila hata kuuona, akawa anausema mwenyewe huku anapiga pasi.

Nagona ya Kezilahabi (1990) inadanganya kwa wembamba wake, unaitia kwenye mkoba unasema nitaimaliza benki. Thubutu. Hamna kisa cha kufuata kama ulivyozoea, ni safari kama ya ndotoni hivi, mi naisoma kitandani, sura moja nalala. Sijaelewa yote na wala sioni shida.

Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini cha Shaaban Robert ndo kinafaa benki, ila ukifika kwenye Utenzi wa Hati aliomwandikia binti yake nenda polepole. Yale anayomwambia kuhusu kumtii mume mi sikubaliani nayo hata kidogo, nimebishana naye pembeni ya ukurasa kwa penseli, lakini ni baba anaongea na mwanawe na unamsikia.

Kwa mlioko Dar anzeni duka la vitabu la TPH pale mtaa wa Samora, msipopata pitieni wale wanaopanga vitabu vya mtumba chini. Na kama unamnunulia zawadi mtu asiyesoma, mpe Bwana Msa. Nagona usimpe, tafadhali.