Jibu: Mwandishi mmoja majina matatu, na mwaka "664"

Salaam mkuu. Umekwama pawili: mwandishi yuleyule anajirudia kwa majina tofauti kwenye orodha yako ya maandishi ya Wayahudi, na kitabu kilichochapishwa Warsaw, Poland, kimeandikwa mwaka 664.

Mwaka ni rahisi. Ni kalenda ya Kiyahudi iliyoachwa elfu zake: ongeza 5000, kisha toa 3760, unapata 1904. Ila mwaka wao huanza Septemba au Oktoba, kwa hiyo andika 1903/1904, usibahatishe.

Majina ndiyo yenye kazi. Sholem Aleichem, mwandishi wa Kiyidishi (lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, huandikwa kwa herufi za Kiebrania), utamkuta pia kama Sholom, Shalom, hata Rabinovich, jina lake la kuzaliwa. Mimi hufuata umbo la Maktaba ya Bunge ya Marekani, mengine nayaweka kama rejea. Herufi za Kiebrania zilizo kwenye jalada usizifute hata kama huzisomi (Kiyidishi nami kinanishinda). Ndizo za kulinganishia nakala.

Kwa maisha ya jumuiya za Wayahudi, angalia kwanza vitabu vya yizkor, kumbukumbu za miji zilizokusanywa na manusura wa mauaji ya Wayahudi baada ya Vita Kuu ya Pili. Maktaba ya umma ya New York imeweka vingi mtandaoni bure. Vina waandishi chungu nzima, hivyo vipange kwa mji. Na mji nao una majina: Vilna, Wilno, Vilnius ni palepale, mji mkuu wa Lithuania.