Ukiandika Habari za Kwenu, Jiandae Kununiwa

Juzi msomaji mmoja aliniuliza kama amwoneshe mama yake mswada wa riwaya kabla ya kuupeleka kwa mchapishaji, kwa kuwa mhusika mmoja amefanana mno na shangazi yake. Nilimjibu asimwoneshe, na sababu zangu nazichota katika maisha ya Edna O'Brien, mwandishi wa Ireland aliyefariki London mwezi Julai 2024 akiwa na umri wa miaka 93.

Alizaliwa mwaka 1930 katika kijiji cha Tuamgraney, County Clare, akasomea ufamasia Dublin, kisha akahamia London na mumewe na watoto wao wawili wa kiume. Huko, kwa wiki chache tu, aliandika The Country Girls, riwaya ya wasichana wawili wa kijijini wenye kiu ya mapenzi na ya mji. Ilipotoka mwaka 1960 serikali ya Ireland iliipiga marufuku, na kwao ikachomwa moto. Linaloniuma zaidi ni kwamba mama yake alipofariki, Edna aliikuta nakala ya marehemu imefichwa ndani ya foronya, na maneno yaliyomkera mama yamefutwa kwa wino.

Mimi nami, hadithi yangu ya kwanza ilipotoka gazetini (nayo ilikuwa nzuri, acha niseme), ndugu kadhaa waliacha kunisalimia, na mmoja wao, niliyekula kwake utoto wangu wote, hajanialika tena hata siku ya Idi. Kilichowaudhi hakikuwa uongo, bali kisa cha mahari ambacho ukoo mzima ulikijua na ukoo mzima ulikinyamazia. Uchungu huo ninao bado.

Kwa hiyo maliza kwanza, dada yangu, kwa sababu mama akisoma mapema utaanza kumwandikia yeye. Usihangaike kubadili jina la kijiji, kwani watu wa kwenu watajitambua tu. Wala usingoje sifa za nyumbani: Ireland ilimpa Edna cheo cha Saoi, heshima ya juu ya chama chao cha wasanii, mwaka 2015, miaka 55 baada ya kumfungia. Anza kitabu cha pili kabla minong'ono haijakufikia. Edna alitoa The Lonely Girl mwaka 1962 na Girls in Their Married Bliss mwaka 1964, akawarudisha wasichana wale wale, na vitabu vyote viwili vikapigwa marufuku.